Harufu ya petroli ndani ya gari: tazama kwanza inakuja wakati gani

MASWALI NA MAJIBU YA MAGARI

Barua zinazohusu harufu ya petroli hunifikia mwaka mzima, lakini huongezeka majira ya kaskazi, jua linapokuwa kali na vioo vya magari vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi. Katika toleo hili nimechagua tatu, zote kutoka mkoa wa Tanga. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu fundi wa mwandishi wake ameanza kubadilisha vipuri kabla ya kujua mafuta yanatokea wapi, na hilo si kosa lake peke yake. Mbili zinazofuata zina mambo yake mahsusi.

Swali

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Chumbageni, Tanga mjini. Nina gari dogo la Kijapani la mwaka 2005, linalotumia petroli, ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Mwezi wa Desemba pampu ya mafuta ilikufa, ikabadilishwa, na tangu hapo gari linanuka petroli, hasa siti ya nyuma wanapokaa watoto. Nikijaza tangi, harufu huwa kali kiasi kwamba mdogo wao alitapika tukiwa njiani kwenda Pongwe. Mafuta yakishuka hadi nusu, harufu hupungua na baadaye hupotea kabisa. Fundi wangu amebadilisha plagi, amesafisha nozeli, na sasa anasema tangi zima libadilishwe. Taa ya injini kwenye dashibodi haijawaka, na gari halili mafuta kuliko zamani. Jirani amenishauri nitundike manukato. Nifanyeje, na je, ni salama kuendelea kuliendesha? (Mwalimu, Chumbageni)

Jibu

Marahaba, mwalimu, na pole kwa mtoto. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri. Usiwabebe watoto katika gari hilo mpaka chanzo cha harufu kipatikane na kurekebishwa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto la pwani. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea bali hutambaa chini na kujikusanya mahali palipozama, na ukifikia kiasi cha asilimia 1.4 ya hewa iliyopo, cheche ndogo ya swichi inatosha kuuwasha. Isitoshe, ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu kwa watu wanaoivuta kwa muda mrefu. Manukato ya kutundika hayapunguzi hata chembe ya mvuke huo. Yatakunyima tu uwezo wa kujua kama umeongezeka.

Ukiona petroli inadondoka ardhini, jambo hilo ni jingine kabisa. Usiwashe injini, usifungue wala kufunga chochote cha umeme, washushe watu wote, wasogeze mbali wanaovuta sigara na wanaopenda kuja kuangalia, kisha piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tusisahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha baada ya petroli iliyomwagika kutoka kwenye lori lililopinduka kushika moto.

Sasa tuje kwenye chanzo. Umenieleza mambo matatu ambayo, yakiwekwa pamoja, yananifanya niamini kwamba tangi lako ni zima na plagi zako hazikuwa na hatia yoyote: harufu ilianza baada ya kubadilishwa pampu, inasikika zaidi siti ya nyuma, na inafuata kiwango cha mafuta. Hilo la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Mafuta yakivuja upande wa injini, harufu haitajali tangi lina lita ngapi, kwa kuwa pampu huyasukuma kwa nguvu ileile, kiasi cha bari 3 katika magari mengi ya rika hilo, yaani zaidi ya pauni 40 kwa kipimo tunachopimia upepo wa tairi, tangi liwe limejaa au linakaribia kukauka. Harufu inayokuja tangi likijaa na kuondoka mafuta yakishuka hutoka mahali palipo juu kwenye tangi, ambapo mafuta hupafikia pale tu yanapokuwa mengi. Kwa hiyo tunatafuta kitu kilicho juu, upande wa nyuma, ambacho kiliguswa mwezi wa Desemba.

Katika magari mengi madogo ya Kijapani pampu imo ndani ya tangi, na tangi limelala chini ya siti ya nyuma. Fundi anayeibadilisha hunyanyua godoro la siti, hufungua kifuniko cha bati, kisha huichomoa pampu kupitia mdomo wa tangi. Kati ya mdomo huo na sahani inayoishikilia pampu kuna ringi ya mpira. Mpira uliokaa miaka mingi katika mvuke wa petroli huvimba, na fundi akijaribu kuirudisha ringi hiyohiyo huikuta imekuwa kubwa kuliko mfereji wake. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Wapo wanaoisukuma kwa bisibisi mpaka ijikunje upande mmoja, wapo wanaoikata kipande na kuunganisha ncha, na wapo wanaopaka silikoni ya kawaida ya gasketi, ile ya kwenye tyubu, ambayo petroli huilainisha na kuibandua baada ya muda mfupi. Gari huondoka gereji likiwa na mafuta robo tangi, halinuki chochote, kila mtu anaridhika. Siku ya kujaza ndipo mambo yanapojitokeza.

Kuthibitisha hakuhitaji mashine. Jaza tangi katika kituo kilicho karibu na gereji, liendeshe taratibu vioo vikiwa wazi na watoto wakiwa nyumbani, kisha liegeshe mahali pa wazi penye upepo. Angalia majirani wa gereji pia, maana gereji zetu nyingi zimepakana na kibanda cha mama lishe, na jiko la mkaa lililo hatua chache kutoka kwenye tangi lililofunguliwa ni hatari ambayo watu wameizoea mno. Zima injini, chomoa waya wa hasi wa betri, nyanyua godoro la siti ya nyuma. Kabla ya kukifungua kifuniko cha bati, inama unuse ukingo wake. Ukishakifungua, tazama kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti, wala kwa balbu ya kuning'iniza ambayo ikidondoka na kupasuka nyuzi zake hubaki za moto kwa muda wa kutosha kuleta maafa. Mahali pakavu patakuwa na vumbi la kijivu lililolala sawasawa. Mahali panapovuja, vumbi litakuwa limeoshwa au limegeuka jeusi lenye kunata, na pembeni ya ringi utaona alama ya kahawia yenye ukingo, kama doa la chai lililokaukia kwenye sahani. Chukua karatasi nyeupe ya tishu, ikandamize kuzunguka ringi sehemu baada ya sehemu, uinuse papo hapo, kwa sababu petroli hukauka kabla hujaamua kama umeona unyevu au hukuona. Papasa pia maungio ya mipira juu ya sahani. Kishikizo cha plastiki kilichovunjika wakati wa kuchomoa hutoa harufu hiyohiyo, ila mpira unaopeleka mafuta mbele ukivuja utanuka hata tangi likiwa na mafuta kidogo, ilimradi injini inawaka.

Ikiwa ni ringi, dawa yake ni ringi mpya ya aina ya gari lako, si ya kukadiria. Subiri mafuta yashuke chini ya robo tangi. Kwanza fundi aondoe msukumo uliobaki kwenye mipira kwa kuchomoa fyuzi ya pampu injini ikiwa inaunguruma na kuiacha izimike yenyewe, ndipo achomoe betri. Kazi ifanyike nje, isifanyike juu ya shimo la gereji ambalo mvuke hushuka na kulijaza bila mtu kuuona, na mtungi wa kuzimia moto wa unga uwe karibu. Mfereji na uso wa sahani vifutwe vikauke, ringi ikae bila silikoni wala grisi ya aina yoyote isiyoelekezwa na mtengenezaji, na skrubu zikazwe kwa kupokezana pande zinazokabiliana, kidogo kidogo, ili sahani ishuke sawa. Kama gari lako lina kofia kubwa ya kuzungusha badala ya skrubu, isigongwe kwa nyundo na patasi ya chuma. Kipande cha mti mgumu au cha shaba nyeupe hufanya kazi hiyo bila cheche.

Pampu ikiwa nje, mwombe fundi akuonyeshe mpira mfupi unaoiunganisha na sahani. Watu wengi hawajui kwamba mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kuhimili petroli inayopita ndani yake tu, na kwamba ukizamishwa tangini, ngozi yake ya nje hulainika na kuchanika. Mipira mizuri ya mafuta huandikwa aina yake ubavuni. Uliokusudiwa kuzama tangini huandikwa SAE J30 R10, ule wa mfumo wa nozeli wenye msukumo mkubwa huandikwa R9, na R7 ni wa msukumo mdogo. Mpira usio na maandishi yoyote, hata kama muuzaji ameapa, usiuruhusu uingie katika mfumo wa mafuta wa gari lako.

Huenda, hata hivyo, ukakuta juu ya pampu ni pakavu kabisa. Hapo fuata bomba la kujazia mafuta, kuanzia kwenye kifuniko hadi tangini. Pwani ya Tanga haina huruma na bati: hewa yake ina chumvi, na nyuma ya tairi, mahali ambapo bomba hilo hupita, matope ya barabara hurundikana na kushika unyevu mpaka chuma kinaliwa kutoka nje bila mwenye gari kujua. Mipira inayoliunganisha bomba na tangi nayo hupasuka kwa uzee, mara nyingi upande wa juu usioonekana mpaka umeipinda kwa kidole. Tangi likiwa limejaa na limepigwa jua, mvuke ndani yake huwa na msukumo kidogo. Ukipaka povu zito la sabuni kwenye viungo hivyo utaona mapovu yakichipuka mahali penye ufa. Kifuniko chenyewe kitazamwe pia, kwani ringi yake ikikauka huacha mvuke kutoka, nacho ndicho kipuri cha bei nafuu kuliko vyote nilivyovitaja.

Kuna jambo jingine ambalo si uharibifu wa fundi bali mazoea yetu kituoni. Bomba la kituo likishakata lenyewe, mhudumu huongeza kidogo ili hesabu ifungwe kwenye shilingi kamili, na wengi wetu tunapenda hivyo. Nafasi iliyoachwa juu ya tangi haikuachwa bure. Petroli hutanuka kiasi cha lita moja katika kila lita 1,000 joto linapopanda kwa nyuzi moja, kwa hiyo lita 40 zilizotoka kwenye tangi la chini ya ardhi, zikaegeshwa juani na kupata joto la nyuzi 15 zaidi, huongezeka kwa zaidi ya nusu lita. Nusu lita hiyo isipopata nafasi husukumwa kwenye mpira wa mvuke na kuingia katika mkebe wa mkaa, chombo kilichowekwa ili kuushika mvuke wa tangi na kuurudisha kwenye injini uchomwe. Mkaa huo umekusudiwa kushika mvuke, na ukishalowa petroli yenyewe hunuka kwa siku nyingi na unaweza usirudi tena katika hali yake. Ukiona gari linanuka baada ya kujaza na pia linakuwa gumu kuwaka mara tu mnapotoka kituoni, shuku mkebe huo au valvu yake iliyokwama wazi. Bomba likikata mara ya kwanza, mwambie mhudumu inatosha.

Wasomaji wanaopanda kutoka Mombo kwenda Lushoto wataongeza kwamba wakifungua kifuniko cha tangi huko juu husikia sauti ya upepo ukitoka kwa nguvu. Hilo halina ubaya. Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya huko ina msukumo mdogo kuliko ya pwani, na mvuke uliofungiwa tangini huona nafasi ya kutanuka. Harufu ya sekunde chache kifuniko kinapofunguliwa si ugonjwa. Kinachotia shaka ni harufu inayokufuata ndani ya gari kifuniko kikiwa kimefungwa.

Huenda msomaji mwingine ana harufu isiyofuata kiwango cha mafuta, naye asichukue jibu la mwalimu akalivaa kama lilivyo. Harufu inayotokea asubuhi gari linapowashwa na kupotea injini ikipata moto hutoka mara nyingi kwenye ringi ndogo za mpira za nozeli, ambazo zikizeeka hukakamaa na kusinyaa kwa baridi. Gari la Tanga likilala Lushoto mwezi wa Julai ndipo huonyesha ugonjwa huo kwa mara ya kwanza. Harufu inayoingia unapofungulia feni ya hewa ya nje, na kukoma unapoifunga, imetoka chini ya boneti, kwa sababu mlango wa hewa hiyo uko chini ya kioo cha mbele. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse: ikiwa oili inanuka petroli, au imepanda juu ya alama bila kuongezwa, nozeli inavuja ndani, au, katika magari ya zamani kidogo, ngozi ya kirekebisha msukumo wa mafuta imetoboka, jambo ambalo utalijua ukichomoa kampira kake kembamba cha hewa na kukikuta kimelowa petroli. Oili iliyochanganyika na petroli hailindi tena bearingi za injini, kwa hiyo gari lisiendeshwe hadi kasoro irekebishwe na oili ibadilishwe. Na harufu inayotoka nyuma pamoja na moshi mweusi, huku gari likila mafuta, ni ya petroli isiyochomwa; hapo ndipo plagi, nozeli na vihisio vya injini vinapostahili kuchunguzwa. Fundi wako, mwalimu, alitibu ugonjwa huu wa mwisho, ambao gari lako halina hata dalili yake moja.

Kuhusu kubadilisha tangi, usikubali mpaka uonyeshwe tundu kwa macho yako. Likiwepo kweli, tangi la mtumba lililo zima linafaa. Sabuni ya mche inayopakwa kwenye ufa huzuia mafuta kwa muda, maana petroli haiiyeyushi, lakini ni msaada wa kukufikisha gereji na si matengenezo. Kuchomelea tangi ndilo jambo la kulikataa kabisa, hata likiwa limemwagwa na kukaushwa juani, kwa kuwa tangi tupu lenye mabaki ya mvuke ni la hatari kuliko lililojaa: lililojaa halina hewa ya kutosha kulipuka, tupu linayo.

Baada ya matengenezo, jaza tena hadi bomba likate, liegeshe gari usiku kucha vioo vikiwa vimefungwa, na asubuhi fungua mlango wa nyuma kwanza. Kama pua yako haipati kitu, unaweza kuwarudisha watoto.

Swali

Habari za kazi, kaka. Mimi ni dereva wa kirikuu cha kabureta, nabeba machungwa kutoka Muheza kuleta Tanga. Nikifika sokoni na kuzima gari juani, baada ya muda mfupi petroli inanuka sana ndani ya kebini, na nikitaka kuondoka gari haliwaki mpaka nipige stata muda mrefu. Plagi zikitolewa ni nyeusi na zimelowa. Mpira wa mafuta niliwekewa mpya, ule wa plastiki unaoonyesha ndani. Tatizo ni nini? (Dereva, Muheza)

Jibu

Ndugu dereva, ndani ya kabureta mna kisima kidogo cha petroli, na ndani ya kisima hicho mna boya linalopanda na kushuka likifungua na kufunga sindano inayoingizia mafuta. Sindano ikilika, au chembe ya uchafu ikikaa kwenye kikalio chake, mafuta hayakatiki. Hupanda yakafurikia kwenye koo la kabureta na kushuka hadi kwenye injini, ndiyo maana plagi zako zimelowa. Ongeza hapo joto. Gari linapotembea, upepo huipoza kabureta kidogo, lakini likizimwa joto la injini hupanda lote juu, na sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi. Kisima kilichokuwa kimejaa kupita kiasi humwagikia ndani, na kwa kuwa injini ya kirikuu iko chini ya siti, harufu huja moja kwa moja usoni pako.

Kabureta ishushwe, kisima kisafishwe, sindano pamoja na kikalio chake vibadilishwe kwa pamoja, na kimo cha boya kipimwe kwa kufuata kipimo cha kabureta hiyo, si kwa kukadiria kwa jicho. Filta ya mafuta iwe mpya, vinginevyo uchafu uleule utarudi. Fundi aangalie pia kipande kinene kinachokaa kati ya kabureta na injini. Kazi yake ni kuzuia joto lisipande, na nimekwisha kuona magari ambayo kipande hicho kimetupwa na badala yake pamewekwa gasketi nyembamba ya karatasi. Mfuniko wa injini chini ya siti una mpira wa kuziba ukingo wake. Kama haupo, uurudishe, kwa kuwa ndio unaoitenga pua yako na injini, na si kwa petroli tu bali pia kwa hewa ya sumu ya eksozi, ambayo haina harufu ya kukuonya.

Mpira wako wa plastiki uondoe leo. Plastiki hiyo ya maji hukakamaa kwa petroli na joto, kisha hupasuka kwenye klempu. Kwa kabureta, mpira wenye maandishi ya R7 unatosha. Na ukikuta gari limefurika mafuta, kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini, uishikilie hapo bila kuipampu, ndipo upige stata. Kila unapoipampu unaongeza petroli juu ya petroli. Kabla ya safari ijayo nusa kijiti cha oili, kwa sababu gari lililofurika kwa muda mrefu huwa limekwisha kuiharibu.

Swali

Asalaam alaikum. Mimi ni mvuvi wa Sahare. Dumu la petroli iliyochanganywa na oili kwa ajili ya mashine ya boti lilimwagika kwenye buti la gari langu. Nimeanika gari juani, nimemwagia maji na manukato, harufu haitoki. Nifanye nini? (Mvuvi, Sahare)

Jibu

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Jua limefanya sehemu yake: petroli yenyewe imekwisha kuondoka, au kwa kiasi kikubwa. Kilichobaki ni oili uliyoichanganya, ambayo haikauki na inashika harufu ya petroli ndani yake, na maji matupu hayawezi kuiondoa.

Toa kila kitu butini, pamoja na tairi la akiba, kapeti na sponji iliyo chini yake. Ukikuta bado pana umajimaji, mwagia vumbi la mbao au mchanga mkavu, uache unyonye, uukusanye na kuutupa mbali na moto na mbali na mfereji. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi wala ya kukausha nywele, kwa kuwa mota zake hutoa cheche na kunyonya mvuke wenyewe. Kisha osha bati na kapeti kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya vyombo, sugua kwa brashi, suuza, rudia mpaka povu litoke jeupe. Kapeti ikikauka, inyunyizie soda ya kuokea, uiache usiku kucha, uipige vumbi asubuhi. Chungulia pia nyaya zinazopita chini ya ukingo wa buti zinazokwenda kwenye taa za nyuma. Gundi na mpira wake vikiwa vimelainika, fundi wa umeme azivishe upya.

Kuhusu dumu, yale ya njano ya mafuta ya kula hayakutengenezwa kwa petroli, na ringi ya kifuniko chake huvimba na kuacha kuziba. Tafuta dumu lililoandikwa kuwa ni la petroli, lijaze likiwa limekaa ardhini na si ndani ya gari, acha nafasi juu kwa ajili ya kutanuka, na ulisafirishe kwenye gari la wazi, likiwa limesimama wima na kufungwa kwa kamba. Gari lako ikiwa ni la aina ambayo buti halina ukuta unaolitenga na siti, usilibebe humo kabisa. Sponji ya chini ya kapeti, kama bado inanuka baada ya kuoshwa mara mbili, usihangaike nayo tena. Kata nyingine ya ukubwa uleule.